Swali Nililoliuliza Mara Elfu Arobaini na Tatu

Ile aibu ya Butiama nilikuwa nimeapa nitakufa nayo, lakini mjomba wangu Mafuru ameshawasimulia wachuuzi wa dagaa mwalo mzima, na kila akisimulia ananiongezea ujinga ambao sikuufanya, kwa hiyo bora niseme mwenyewe ule nilioufanya. Unatosha.

Mimi ni Masatu, mtoto wa Kiriba, nafanya kazi Musoma mjini kwenye ofisi ya umoja wa wafugaji. Ninatunza databesi, yaani lile daftari kubwa la kwenye kompyuta ambalo kila ng'ombe wa mwanachama, awe wa Bunda awe wa Butiama, ana hereni yenye namba sikioni na namba hiyo imo humo: ni wa nani, aliingia lini zizini, aliogeshwa lini. Msimamizi wa josho anapiga namba kwenye simu, jina la mwenye ng'ombe linatokea, ng'ombe anatumbukia kwenye dawa. Sasa hiyo databesi ilikuja na ukurasa wake wa usimamizi humo humo ndani, hununui wala hufungi kitu kingine, unaufungua tu kwenye brauza kama unavyofungua habari za mpira, na pale unaona nani ameingia, anauliza nini, kitu gani kinailemea mashine, na ukizembea unashauriwa cha kufanya. (Ule upande wa ushauri nilikuwaga siufungui. Fundi gani anashauriwa na ukurasa?)

Huko Bunda, Kabasa, kuna duka la dawa za mifugo, na kwenye duka hilo kulikuwa na dada anaitwa Nyangeta, binti wa Mzee Magesa wa Butiama. Nilienda mara moja kuwafungia mfumo wetu, halafu nikarudi mara nane kuangalia kama bado unafanya kazi. Ulikuwa unafanya kazi. Tukapendana, lakini mimi na kusitasita ni damu moja, kila siku nasema mwezi ujao nitatuma watu kwenu, mwezi ujao, mpaka siku moja akaniambia huku anapanga chupa za dawa, hata kuniangalia haniangalii:

"Wewe sitasita tu. Kuna mtu wa hapa Bunda ana lori lake la Fuso, ameshatuma watu nyumbani mara mbili."

Sikula siku hiyo. Kesho yake nikawa ofisini nawaza: posa ikikubaliwa kule, ng'ombe wanaingia zizini kwa baba wa binti, na ng'ombe akihamia zizi jipya lazima aandikishwe kwetu. Mnaona akili ilikonipeleka? Nikafungua ule ukurasa, nikaandika swali dogo tu: zizi la Mzee Magesa lina ng'ombe wangapi, na kuna aliyeingia leo? Nikalihifadhi kwa jina nisilisahau, "Fuso ameshaleta?" Na chini yake kulikuwa na kiboksi kimeandikwa rudia kila dakika, nikaweka tiki. Tiki moja, jamani!

Na wala siwezi kujitetea kwamba sikujua. Mama yangu alinifundisha tangu nachunga mbuzi kwamba ng'ombe za mtu hazihesabiwi. Ukimuuliza mzee anao wangapi anakwambia "wapo", na wewe unanyamaza, kwa sababu kumhesabia mwenzako mifugo ni kumtakia mabaya. Mimi nikajifariji kwamba sihesabu mimi, inahesabu kompyuta. Basi kila asubuhi kabla ya chai nachungulia: Fuso hajaleta. Baada ya chai: hajaleta. Nakunywa maji nina amani.

Wiki ya pili simu zikaanza. Josho la huku limekwama, josho la kule kiduara kinazunguka tu kwenye simu, ng'ombe wamepanga foleni juani na wenyewe wanatukana. Nikawajibu wote jibu letu watu wa kompyuta, "Ni mtandao." Ukisema mtandao hakuna anayekuuliza tena, maana hakuna anayejua mtandao anakaa wapi akamfuate.

Mwezi ulipotimia nikajipa moyo, nikaandika barua ya posa, nikamchukua Mjomba Mafuru awe mshenga, na ndoo ya sato wakavu wa kwetu, Jumamosi moja tukaingia Butiama saa nne asubuhi. Sebuleni walikuwa watatu. Mzee Magesa mwenyewe, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya josho. Mdogo wake, Baba Wambura, mtu wa kucheka na kila kitu. Na Mwalimu Neema, dada mkubwa wa Nyangeta, anafundisha kompyuta sekondari (hapo ndipo ningejua nimekwisha, sikujua). Nyangeta alikuwa jikoni, nasikia mwiko tu.

Mjomba akaanza, "Mzee, sisi ni watu wa ziwani, hatujuagi kuzunguka. Kijana huyu anamtaka binti yako."

"Walaji wa samaki hawa," akasema Baba Wambura, "hata soda hawajamaliza!" Watu wakacheka, mambo yakawa mazuri. Mzee akapokea barua, akaiweka juu ya kitambaa cha meza bila kuifungua, akaanza kulalamikia maisha kama wanavyofanyaga wenye mali.

"Ugonjwa wa mwaka jana umenimaliza, mshenga. Nimebaki na ving'ombe sitini tu."

Baba Wambura akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni kweli. Hata mimi nilimwomba mitamba miwili ya kuanzia, nikaona jinsi kaka alivyobaki, nikamsamehe."

Mimi nikainamia soda yangu. Nilikuwa nimeliangalia zizi lile mwezi mzima, na sikuwa nimeona sitini hata siku moja.

Hapo simu ya Mzee ikaita. Msimamizi wa josho, anapiga kelele mpaka sisi tunasikia: mfumo umekwama tangu alfajiri, ng'ombe wameanza kupigana kwenye foleni, afanyeje? Mzee akaweka simu mezani bila kuikata, akanigeukia.

"Kijana, hii si ndiyo kazi yako?"

Ningesema Jumatatu nitaangalia. Ningesema ni mtandao. Lakini mjomba akanifinya paja, "Waonyeshe," na Nyangeta akawa amesimama mlangoni na taulo begani, na mwanaume akiangaliwa na mchumba huwaga akili inatoka kwa mlango wa nyuma. Nikatoa kompyuta kwenye begi. Tena nikaona kioo cha kompyuta ni kidogo, hawatanifaidi vizuri, nikamwomba Mwalimu Neema waya, nikaunganisha na ile televisheni yao kubwa ya ukutani. Mimi mwenyewe, jamani. Hakuna aliyenilazimisha.

Ukurasa ukafunguka ukuta mzima. Nikawaelekeza kwa kidole: huu mshale ndio mzigo wa mashine, mnaona uko kwenye nyekundu, sasa nikibonyeza hapa tutaona maswali mazito, yaani nani anaitesa. "Kuna mtu anatuhujumu," nikasema, kwa sauti ya kipelelezi kabisa. Nikabonyeza.

Likatokea moja juu kabisa, limeyaacha mengine yote mbali. Mwalimu Neema akavaa miwani, akasimama, akasoma kwa ile sauti ya darasani.

"Jina la swali: Fuso ameshaleta? Linauliza: idadi ya ng'ombe, mmiliki Magesa, Butiama. Linajirudia kila dakika. Limeulizwa mara elfu arobaini na tatu." Akasogea karibu. "Aliyeuliza: Masatu."

Nilimwangalia mjomba, mjomba akaiangalia ndoo ya sato kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Mwalimu," akasema Mzee taratibu, "nieleweshe. Huyu anahesabuga ng'ombe zangu?"

"Kila dakika, baba."

"Hata wakati nasali?"

"Hata ukisali, baba. Na ndiyo inayokwamisha josho. Hajaweka faharasa ya majina, ile kama ya nyuma ya kitabu cha nyimbo, kwa hiyo kila dakika mashine inamsimamisha ng'ombe mmoja mmoja, Bunda nzima, Butiama nzima, inamuuliza wewe ni wa nani, mpaka ifike kwako. Ushauri wenyewe umeandikwa hapa chini, una tarehe ya mwezi uliopita."

Nikatamani nitumbukie kwenye josho na mimi, nisitoke. Mzee hakupiga kelele, na hapo ndipo niliogopa zaidi. Akasema tu, "Kwanza tengeneza. Ng'ombe za watu ziko juani."

Nikaondoa ile tiki. Nikabonyeza ushauri wa ukurasa niliokuwa naudharau, faharasa ikajengwa, mshale ukashuka kwenye kijani, na kwenye simu pale mezani tukasikia, "Inapita! Mzee, inapita kama maji!" Baba Wambura akapiga makofi. Hata Mzee uso ukalegea kidogo. Na mimi, badala ya kufunga kompyuta na kumshukuru Mungu, nikasikia Baba Wambura anasema:

"Kweli imepona? Hebu uliza lile swali lako tuone."

Najua. Msiniambie. Lakini nilikuwa natafuta heshima yangu hata chini ya kiti, nikajibu, "Sasa hivi baba, hata nusu sekunde haifiki," nikabonyeza.

Haikufika nusu sekunde. Ukuta mzima ukaandika: 143.

Baba Wambura aliacha kucheka, na mimi sikujua kama anawezaga kuacha. "Kaka," akasema, "sitini?"

"Hiyo mashine ni mbovu!"

"Si ndiyo kwanza imetengenezwa?"

Yaliyofuata yalisemwa kwa Kizanaki, sikuyaelewa na ninashukuru. Nilielewa tu pale Mzee alipoichukua barua yangu, haijafunguliwa, akairudisha mkononi mwa mjomba, na ndoo ya sato ikatutangulia nje. Ugali tulionusa hatukuuonja. Nilipogeuka, Nyangeta alikuwa amejifunika uso na taulo, mabega yanatikisika, nikajua analia, na mimi huko njiani nikalia kweli, wala sioni haya kusema. Nilikuwa nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Tulipokaribia Musoma mjomba akaniambia, "Mpwa, mimi nimechumbia watu kumi na wawili. Wewe ndiye wa kwanza kupeleka ushahidi."

Kumbe Nyangeta alikuwa anacheka. Jumatatu akanipigia simu, hata salamu anashindwa kumaliza.

"Masatu, hakuna mtu wa Fuso."

"Unasema?"

"Hakuna. Nilitunga ili uharakishe. Ningejua utasimamisha ng'ombe za mkoa mzima ningekwambia ana baiskeli."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya ofisi. Mara elfu arobaini na tatu nimeuliza kama mtu asiyekuwepo ameshaleta ng'ombe wasiokuwepo.

Wiki mbili zikapita sina nguvu hata ya kupiga mswaki. Jumapili moja nimetoka kanisani kijijini, namkuta Mzee Magesa amesimama kwetu Kiriba na Baba Wambura wake. Shikamoo yangu akaiitikia kwa pua. "Wewe umehesabu zangu," akasema, "na mimi nimekuja kuhesabu zako." Mama akataka kuingia ndani asione. Mzee akaenda zizini, akaegemea mti wa mlango, akanyoosha fimbo.

"Moja." Akatulia. "Mbili."

Akatafuta nyuma ya banda, akaangalia hata kwenye mihogo, akarudi kwangu.

"Hizi nyingine ziko kwenye kompyuta?"

Baba Wambura alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alikuwa ameshapewa mitamba yake miwili, na kumbe tangu siku ile kila jioni alikuwa anaenda kwa kaka yake kunitetea kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kumwambia ukweli nyumbani mle. Mzee akakaa kwenye kigoda cha mama, akasema bila kuniangalia:

"Nimetaka kukukataa. Lakini Nyangeta amenieleza habari ya huyo Fuso, nikafikiri. Mtu ambaye mwezi mzima, kila dakika, anauliza kama binti yangu ameshachukuliwa, huyo hata akiwa na ng'ombe wawili atamwangalia vizuri. Barua yako iko wapi?"

Nilikuwa nayo kwenye Biblia. Faini ya kuhesabu ilikuwa beberu mmoja na kuomba radhi mbele ya kamati ya josho, nikaomba, wakanizomea vizuri sana. Harusi ilifungwa Butiama, na mbele ya kanisa zima Baba Wambura akauliza kama bwana harusi ameshaondoa tiki.

Tangu siku hiyo ukurasa ule ukinishauri jambo, nalifanya kabla sijakaa vizuri. Sijaunganisha tena kompyuta na televisheni ya mtu, hata ya kwangu. Na mfumo ukizubaa kidogo tu, mke wangu ananiuliza kutoka jikoni leo namhesabu nani. Mzee alinipa sharti moja la mwisho, kwamba ile namba niifute kichwani, na ndiyo maana pale juu kwenye hadithi hii, ukuta ulipoandika namba, ninyi mmesikia vibaya. Zizi la baba mkwe wangu lina ng'ombe wangapi?

Wapo.