Damu ya Gaone Haikufaa

Gaone Seabelo aliosha vyombo vya maabara yetu pale Francistown kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwembamba, hakuvuta sigara, na msimu wa mvua ukifika alikwenda kulima mtama kwao Tonota.

Daktari Modongo alikuwa akitafiti kimeng'enya kimoja kinachotolewa na chembe nyeupe za damu, mshipa wa moyo ukivimba na kuchochota kwa ndani. Kimeng'enya hicho humong'onyoa utando unaofunika mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa. Utando ukipasuka, damu huganda papo hapo na kuziba mshipa. Ili alinganishe, alihitaji pia damu ya watu wasio na ugonjwa. Gaone akakunja mkono wa gauni, akatoa.

Kiwango chake kilikuwa mara tatu ya wenzake. Nilipima mimi. Daktari akaniambia nirudie, nikarudia, hakikushuka. Lakini presha yake ilikuwa nzuri na mafuta ya damu hayakuzidi, basi Daktari akaamua kwamba sampuli ina kasoro, akaifuta. Ingebaki, ingemharibia hesabu.

Gaone alisikia fununu, akamfuata kumuuliza.

"Mma, hiyo ni namba ya utafiti, si ya matibabu," Daktari akamwambia. "Wewe mzima kuliko mimi na kitambi changu."

Gaone akacheka, akarudi kwenye karo lake. Mimi nikainamia mashine.

Miezi saba baadaye alianguka shambani. Dada yake alidhani ni jua. Walipomfikisha hospitali, sehemu kubwa ya msuli wa moyo ilikuwa imeshakufa. Alipona, kama huko ni kupona: ndoo nusu ya maji ilimtoa pumzi. Kazi yake akapewa mwingine. Makala ya Daktari ikachapishwa, michoro yake imenyooka.

Tulikwenda kumwona, Daktari kabeba machungwa. Baada ya salamu akamweleza kwamba sasa anakusanya damu za waliopata shambulio la moyo, na yake ingefaa sana.

"Nilipokuwa mzima damu yangu iliwaharibia kazi," Gaone akasema. "Leo nimeharibika mimi, ndiyo imekuwa nzuri?"

"Utafiti ndivyo ulivyo, Mma."

"Basi ile namba ya kwanza irudishe, Rra. Iandike ilivyokuwa, nami nitakupa mkono utoe damu."

Daktari akajibu kwamba makala ikishatoka imetoka. Si kweli; masahihisho huandikwa.

Gaone akanigeukia. "Na wewe mwanangu, uliipima mara ngapi?"

"Mbili."

"Zikalingana?"

Nikakiri kwamba zililingana. Hakunitukana. Alimwita dada yake atutoe hadi mlangoni. Tangu siku hiyo nikipiga simu, dada ndiye hupokea, na kila mara huniambia Gaone amelala.