Bibi Shamba Aliyefuata Maji

Jambo la kwanza ambalo mshonaji aliliona kwa bibi shamba mgeni ni kwamba mvua ilipoanza, watu wote walikimbilia ndani; yeye akatoka. Aliyafuata maji mteremkoni, mwavuli umevunjika mbavu, ameinama kama anayemtafuta kuku aliyetoroka.

"Huyu mzima kweli?" mshonaji alijiuliza, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

Alikuwa na sababu ya kumtazama. Korongo lililoanza kama ufa nyuma ya nyumba yake lilikwisha kumeza nusu ya shamba la mahindi. Msimu mmoja zaidi, lingefika jikoni. Maji yalitoka kwa kaka yake, mwenye shamba la juu, naye alikataa katakata kuchimba mtaro.

"Nipunguze shamba langu kwa sababu ya maji ya Mungu?"

Baada ya siku chache, bibi shamba alimwita kaka huyo uani kwa dada yake, yule mshonaji. Palikuwa na tope jeusi, na juu yake machipukizi ya maharage.

"Haya umepanda wewe, kaka?" bibi shamba alimwuliza.

Kaka alichuchumaa, akang'oa chipukizi moja. Mbegu ya madoadoa. Kijijini aliyekuwa nayo ni yeye peke yake.

"Maharage yangu yamefuata nini huku?"

"Yamehamia kwa shangazi yao," dada alijibu. "Nami nitayavuna, usinidai!"

Walicheka, lakini kaka hakuondoa macho kwenye lile tope. "Kumbe shamba langu lote linahamia huku," alisema polepole.

Kesho yake alikuja na jembe. Bibi shamba alileta mbao zilizopigiliwa misumari kama herufi A, uzi wenye jiwe ukining'inia katikati. Kila mara jiwe lilipotulia katikati kabisa, ishara kwamba miguu ya mbao iko kimo kimoja, walichomeka kijiti. Mshonaji, aliyezoea chaki na rula, alipigwa na butwaa: mstari ule ulizunguka kilima kwa madaha, ukiingia na kutoka, na bado ulikuwa kimo kimoja mwanzo hadi mwisho. Kilima alichokiona tangu utotoni kilikuwa kimeficha umbo hilo!

Sasa mtaro umechimbwa kufuata mstari ule, majani ya tembo yameshika kwenye tuta, na korongoni mawe yamepangwa. Kama yatahimili, itajulikana mvua kubwa ikinyesha. Ng'ambo ya bonde wingu limetanda tangu asubuhi. Kaka amesimama tutani, dada mlangoni, wanaitana.

"Mvua imefika huko?" dada anauliza.

"Bado! Ila harufu yake naisikia!"