Asubuhi Niliyoilowesha Ngoma

Kuna harufu moja ambayo hadi leo ikinifikia, namtafuta Mama kwa macho kabla sijajua sababu. Ni harufu ya ngozi ya ng'ombe inapopashwa kwa moto wa matete makavu ili ngoma ikaze sauti. Si harufu mbaya. Ina moshi kidogo, ina mafuta, ina kitu cha zizini. Mwezi uliopita niliisikia nikipita karibu na shule moja huko Mulongwe. Watoto walikuwa wanajiandaa kwa sherehe yao, wanacheka, na mimi mtu mzima nikasimama nikashika ukuta. Ngoja niwaeleze, maana ni jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Mama yangu alikuwa prezidante. Msishtuke, si wa nchi. Alikuwa prezidante wa chama kidogo cha muziki na mila hapa Uvira, chama kisicho na ofisi wala mshahara. Kilikutana barazani kwetu kila Jumapili baada ya misa. Wavuvi walileta nyimbo zao za kuvuta nyavu, wanawake waliotoka Katogota na Mutarule walileta za kutwanga na za mavuno, na sisi watoto tulifundishwa zote, tupende tusipende. Mama hawakumchagua kwa sauti yake. Akiimba, mbuzi wa jirani waliacha kula. Walimchagua kwa kuwa aliweza kumfokea mtu aliyechelewa bila kumvunjia heshima, na kwa kuwa cherehani yake ndiyo iliyoshona sare za wote. Malipo yake yalikuwa kuketi kiti cha mbele na kulaumiwa mvua ikinyesha.

Ngoma yetu kubwa ilikuwa na mti wa huku chini ziwani na ngozi ya huko juu milimani. Ngozi aliileta Mzee Muhizi, mfugaji wa upande wa Mulenge, mrefu, mkimya, mwenye koti zito hata jua likiwaka. Alikuwa anateremka na ngozi begani, anapanda na kapu la ndagala kavu, dagaa wa ziwani. Alipokuwa anasubiri ndagala, Mama alimwomba atufundishe wimbo wa kunywesha ng'ombe. Hivyo naye akawa mwanachama, bila hata kuandikishwa.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, maneno mabaya yalianza kutembea mjini. Watu wa chini na watu wa milimani walitazamana vibaya. Sikuelewa chanzo chake, ila nilielewa nyuso. Na mwaka huo huo chama kilipanga kuonyesha nyimbo zake zote katika ukumbi wa parokia, Jumapili alasiri. Kwenye mkutano, Papa Amisi, mpiga ngoma wetu, alikohoa, akasema polepole:

"Mama Prezidante, ile wimbo ya muzee Muhizi tuiache kwanza. Batu banaongea."

Mama hakuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anakunja.

"Tukitoa wimbo yake, tutatoa na ngozi yake ku ngoma. Halafu weye utapiga nini, Papa Amisi? Muti?"

Watu walicheka, na neno likaishia hapo. Mimi pia nilicheka. Lakini jirani yetu aliyekuwa anasikiliza kutoka uani kwake alitikisa kichwa, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Neno lile la kufa lilinikaa.

Alhamisi asubuhi, nikifagia, niliona karatasi chini ya mlango. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la shule na kuandikwa kwa biki nyekundu: "Mama Prezidante, yule muzee akiimba siku ya Mungu, weye jumatatu hautaiona."

Niliisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza macho yalikataa. Baba alikuwa anafanya kazi Kalemie, alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mle ndani tulikuwa wawili tu, mimi na Mama. Nilijiuliza nikibaki peke yangu nani atanisuka, nani atanipikia bugali, na nikaona aibu kwamba nawaza bugali. Kumpa karatasi sikuweza. Mama alikuwa mtu wa kuambiwa usipite huku, na huku ndiko anakopita. Nilihofu akiisoma ataongeza wimbo wa pili. Basi nikaitumbukiza chooni, na kwa siku tatu nikawa naogopa kwenda chooni.

Nilimfuata kila mahali. Sokoni, bombani, mpaka kwa mteja wa kupima gauni. Mwanaume yeyote aliyemsalimia nilimtazama mikono. Ijumaa aligeuka ghafla njiani, nikamgonga.

"Mapendo, uko mukia yangu sasa? Juu ya nini unanifwata hivi?"

Nilisema sina kitu. Usiku sikulala vizuri. Marehemu bibi yangu alikuwa na msemo wake, kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Niliugeuza kichwani hadi nikaona njia. Nilitaka nyumba yetu iwe ya mwoga. Nilitaka kicheko.

Papa Amisi alikuwa ametufundisha kwamba ngozi ikishiba maji hulegea, na ukiilazimisha kwa moto ikiwa imeloa, inapasuka. Inahitaji siku nzima ya jua. Na ilikuwa majira ya mvua, anga limefunga tangu Jumatano. Ngoma ikifa, niliwaza, hakuna onyesho. Hakuna onyesho, hakuna wimbo. Hakuna wimbo, Mama ataiona Jumatatu.

Jumapili kulipoanza kupambazuka, nilitoka bila viatu hadi barazani, ngoma ilipolala, na ndoo ya maji ya kuogea. Nilimwaga polepole ili yasitoe sauti. Ngozi ikanywa, ikawa nyeusi, ikashuka katikati. Niliibonyeza kwa kidole, ikakubali. Nikarudi kitandani, nikafumba macho, nikajifanya nakoroma, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa nimelala kweli.

Muda mfupi baadaye nilimsikia Mama akiamka. Mlango ukalia. Nilingoja kelele, nilingoja jina langu. Nilisikia tu kiti kikivutwa na mtu akikaa.

Papa Amisi ndiye aliyepiga kelele alipokuja kuchukua ngoma.

"Bati inavuja," Mama alimjibu. Basi. Nikamshukuru Mungu kwa bati letu bovu.

Lakini hakuahirisha. Alasiri tukaenda ukumbini. Watu walijaa, wengine wameketi madirishani. Mama akasimama mbele, akavuta kitenge chake, akasema:

"Ngoma yetu iko mugonjwa leo. Tutaimba ile haiombake ngoma. Mikono tu njo inaenea."

Nyimbo zetu zote, za nyavu, za kinu, za mavuno, zilisimama juu ya ngoma. Wimbo mmoja tu, ule wa kunywesha ng'ombe, ulikuwa wa makofi na sauti peke yake. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nimezifuta nyimbo zote isipokuwa ule mmoja.

Mzee Muhizi alivua kofia, akainua mikono juu kwa mkunjo wa pembe za ng'ombe, akaanza. Wanawake wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa watoto, hatua mbili kutoka kwa Mama, na sikuimba; nilitazama mlango. Vijana wa nyuma waliinuka, viti vikakwaruza sakafu, wakatoka nje. Kisha jiwe likaanguka juu ya bati. Ukumbi mzima uliinama. Mzee akakata wimbo, mikono bado iko juu.

Hapo Mama akauokota wimbo. Kwa ile sauti yake! Aliupandisha pasipopanda, akaushusha pasiposhuka. Mbele pale bibi kizee mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikapita benchi hadi benchi, hata Mzee Muhizi akatabasamu na kuuchukua wimbo tena, nadhani kwa kuuhurumia. Watu wote walicheka isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nangoja jiwe la pili, na nilijua linamtafuta nani.

Halikuja. Waliuimba wimbo ule mara tatu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Kisha wanawake wa chama walimzunguka Mzee Muhizi, wakamsindikiza hadi Kavimvira, kwa ndugu yake pasta, alikofikia. Walitembea polepole barabarani, wakipiga makofi, yeye katikati, kichwa chake kimewazidi wote. Mama alikuwa mbele. Nilishika kitenge chake kwa mikono miwili njia nzima.

Jumatatu niliamka kabla ya jogoo, nikaweka kiganja karibu na pua yake. Alikuwa anapumua. Akafumbua macho akanifokea kwamba nywele zangu zimekuwa kichaka. Sijawahi kufokewa vizuri kama siku ile. Lakini hofu haikuisha na Jumatatu. Ilinichukua miezi kuacha kuwatazama watu mikono. Mzee Muhizi alipanda wiki ile ile na hakushuka tena. Kwa muda ngozi zilikuja kwa mikono ya watu wengine, halafu hazikuja.

Nilikua nikibeba mambo mawili: kwamba Mama ni shujaa, na kwamba binti yake ni mwoga aliyeharibu mali ya chama. Ndiyo maana, chama kiliponichagua mimi kuwa prezidante mwaka huu, siku hizi ambazo nazo si nyepesi, nilikwenda kumwambia Mama kwamba nitakataa. Kazi hiyo inataka mtu asiyeogopa, nikamwambia. Na nikamweleza yote, karatasi, choo, ndoo.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Karatasi haikuwa moja," alisema. "Minye niliokota mbili. Asubui ile niliamka na bido ya maji mu mukono. Nilikuwa naenda kufanya ile ile ulifanya. Nikakuta ngoma imeshakunywa, na nyayo zako za maji zinatoka pale mpaka ku kitanda yako. Nikakaa. Nikasema, mutoto wangu ameogopa mpaka hapa, na minye bado namufundisha kuogopa zaidi?"

Nilimuuliza kama asingekuta maji angefanyaje.

"Ningemwaga yote," alisema. "Ata tone moja halingebaki."

Miaka yote ile nilikuwa nimemwonea haya mwanamke ambaye hakuwepo, yule Mama asiyejua woga. Aliyekuwepo alisimama barazani na dumu lake la maji mkononi, amekuja kuokoa maisha yake kwa njia ile ile niliyoitumia mimi, akakuta nafasi imechukuliwa na mtoto. Kisha akaenda ukumbini na woga wake wote, hakuupunguza hata kidogo.

Nilimsaidia kuchambua mchele hadi ukaisha. Jumapili nilikwenda kwenye mkutano, nikaketi kiti cha mbele. Nilikuwa naogopa, na nikawaambia wanachama hivyo, kabla ya kufungua kikao.