Mwiko ambao sikuuosha

Leo nimewaua wadudu wa mume wangu, na ndoa yetu ni ya wiki tatu tu!

Ni bakteria wanaokula oili. Mpenzi wangu amewalea kwenye ndoo jikoni kwetu Kileleshwa, wakasafishe udongo wa gereji moja.

Mimi sikujua. Nilikoroga yaliyomo kwa mwiko nione ni nini, nikasikia uvundo, nikamwaga, nikasugua ndoo kwa dawa.

"Mpenzi, wadudu wangu wako wapi? Sina mbegu nyingine!"

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alichungulia tu ndoo tupu.

"Ulikoroga na nini?"

"Mwiko."

"Umeuosha?"

Jamani, aibu! Vyombo vilikuwa kwenye sinki tangu asubuhi.

"Bado."

Akaubusu mwiko kwanza, ndipo akanibusu mimi! Kwa ute uliobaki kwenye mwiko, anawazalisha wadudu wake upya.

Wifi yangu, wewe unayenisema kwa vyombo vichafu, sema sasa!