Kata Yangu ya Mpini Mrefu Mlimani

Jamani, nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni mtoto wa Utete, nimekulia mtoni, na hadi juzi kilima kirefu nilichowahi kupanda ni tuta la viazi. Lakini chuo chetu kilipopanga safari ya milima ya Uluguru, nikajitolea kuwa kiongozi wa usalama.

Wiki nzima nikawahubiria wenzangu: bebeni sweta, filimbi, viatu mlivyokwisha kuvizoea, na mzigo uwe mwepesi. Mwenyewe nikafunga ubavuni mwa begi kata ya kuchotea maji yenye mpini wa mwanzi, ndefu kunizidi. Wakadhani ni kifaa cha wataalamu. Nikawaacha waamini hivyo, sifa tamu.

Tulipofika kwenye kijito, wote wakakimbilia maji. Nikapuliza filimbi. "Rudini nyuma! Hatua kumi!"

Kwetu mtu hainami ukingoni ovyo. Mamba hapigi hodi. Nikayapiga maji kwa fimbo, nikasimama mbali, nikachota kwa kata na kumjazia kila mtu chupa. Foleni ikasogea polepole, wengine wakisoma dua.

Mara bibi mmoja akashuka na ndoo, akatupita, akaingia majini. Hayakumfika hata kwenye kifundo cha mguu.

"Mjukuu wangu, unaogopa nini?"

"Mamba, bibi." Nikairudisha filimbi mdomoni, nijifanye nina kazi.

Akakitazama kijito, akaitazama kata yangu. "Basi mamba huyo atakuwa mdogo kuliko dagaa."

Nilijitahidi nisicheke. Filimbi ikalia yenyewe.