Mashine ya Maji Ukweni Lingeka

Nkinda, fundi wa pampu wa Bariadi, ni mtu mwenye mdomo. Hujamaliza kumweleza mashine imekufaje, yeye keshaifufua kwa maneno. Lakini mchana ule, akiwa amepiga magoti jikoni kwa mama mkwe wake kijijini Lingeka, mdomo ulikuwa umemkauka. Mtoto aliyekuwa akilia chumba cha pili alikuwa wa kwake.

Joyness, mkewe, alikuja kujifungulia kwao, kama inavyotakiwa kwa mimba ya kwanza. Akapata jipu la ziwa, daktari akamsimamisha kunyonyesha, kichanga Mahona akahamia maziwa ya kopo. Na kisima cha Lingeka ni cha chumvi. Chemsha utakavyo, chumvi inabaki inakucheka. Ndiyo maana Nkinda alifunga mashine ya kuchuja hapo ukweni, akatamba mbele ya mashemeji kwamba ukiitia hata machozi, itakutolea maji matamu.

Haya, tangu juzi mashine inatoa chumvi tupu. Nesi alishaonya kwamba maji hayo yasiguse chupa ya kichanga. Maji ya dukani yameisha asubuhi, na bodaboda aliyetumwa Mwandoya kuyafuata hapatikani kwenye simu.

"Baba Mahona, umefika wapi?" Joyness aliuliza mlangoni, mtoto begani.

"Nakaribia."

"Umeanza kukaribia tangu ulipovua shati."

Nkinda alifungua kichujio cha tope, akakuta kisafi. Cha mkaa, kizima. Pampu ilikuwa inavuma, ila kwa kukoroma, kama ng'ombe aliyenasa matopeni. Akachovya kipimo cha chumvi kwenye kikombe, namba ikapanda mpaka akageuza macho. Kilichobaki ni utando, ule moyo wa mashine unaozuia chumvi isipite. Kama huo ndio umekufa, basi, kwa sababu wa akiba ulikuwa Bariadi.

Sauti ya Mahona ilikuwa imeanza kukwaruza.

Hapo ndipo Nkinda alipoutazama mpira mweusi, ule unaotoa nje maji yaliyobeba chumvi iliyozuiwa. Ulipenya ukutani, ukatokea uani. Na uani alikuwapo Maximiliana, mama mkwe wake.

Usimcheke. Mkwe wa Kisukuma hamkodolei macho mama wa mkewe. Wakikutana njiani, mmoja anapinda kichakani. Nkinda alipoupitisha mpira ule, mama alikuwa amepelekwa kwa jirani ili wasikutane, na hakuna aliyemweleza kazi ya mpira huo.

"Joyness, muulize mayu, mama yako, kama mpira wa nje unatoa maji."

Joyness hakuwahi kufungua kinywa. Nje, Maximiliana alimgeukia mbuzi aliyefungwa pale.

"Wewe mbuzi, mwambie aliyeko ndani kwamba hautoi. Na hautatoa!"

Spana ilimponyoka Nkinda. "Mbuzi, muulize mayu kwa nini."

"Mwambie labda huko kwao Bariadi maji yanamwagwa. Hapa tunayafuata na punda! Nimeukuta unakojoa mchangani kutwa nzima. Nimeupiga fundo, nikaukaza na kamba ya ndama."

Joyness akaziba mdomo kwa kanga. Nkinda alikuwa keshashika kisu ili aukate mpira kwa ndani.

"Mbuzi," alisema polepole, "mwambie mayu kwamba yale si maji, ni chumvi inayotoka. Akiifungia mlango, inarudi kwenye chupa ya mjukuu."

Uani mbuzi akalia, kama vile ndiye aliyeambiwa.

Kisha zikasikika hatua za haraka, kamba ikikwaruzwa, mama akiguna. Fundo halikulegea. Panga lilitua mara moja tu, na mpira ukafoka. Pampu ikaacha kukoroma.

Nkinda aliyaacha maji ya kwanza yapite. Akapima. Chumvi. Akasubiri, jasho likimwingia machoni, akapima tena. Imeshuka kidogo. Joyness alikuwa amechuchumaa ubavuni mwake, mtoto kifuani. Akapima, akapima, mwisho akaonja kwa ulimi, kwani namba peke yake hakuiamini tena.

"Chemsha," alisema.

Mahona aliikamata ile chupa, akavuta kwa hasira. Kilio kikaisha.

Huko uani beseni liliburutwa, maji ya mpira yakaanza kulia ndani yake.

"Mbuzi," sauti ya Maximiliana ilikuja chini kuliko mwanzo, "mwambie haya ya chumvi watakunywa ng'ombe. Na akifunga tena kitu nyumbani kwangu, aniambie kinafanya nini. Sitamla."

"Ndiyo, mayu," Nkinda alijibu, akamsahau mbuzi kabisa.

Joyness alimtazama mumewe, akatazama ukuta.

"Asante, baba," Maximiliana alisema, naye bila kumpitia mbuzi, akaendelea kukinga maji yake.