Mkaguzi Alipokuja Tukiwa Kwenye Nusu na Robo

Nikisikia harufu ya samadi mbichi, hadi leo narudi darasani kwetu. Wasichana ndio tulioisiriba sakafu ya darasa kwa samadi kila wiki, tumepiga magoti, lakini juma lile la miaka ya sitini tuliisiriba mara mbili, kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja. Shule yetu ilikuwa mjini Tororo, chini ya mwamba mkubwa, na vumbi la kiwanda cha saruji liliingia mpaka kwenye vitabu. Sisi watoto wa reli na wa kiwandani tulikuwa na lugha za nyumbani chungu nzima, basi mwalimu wetu Nekesa, mwenyeji wa Busia mpakani, alitufundisha kwa Kiswahili. Hakuwa na cheti. Mwalimu Mkuu alimwambia mbele yetu, bila haya, kwamba mkaguzi asiporidhika, yeye Nekesa atafungasha virago arudi kwao. Mimi nilimpenda Nekesa kama mama yangu mdogo, na usingizi ulinipaa.

Mwalimu Mkuu akatufanyisha mazoezi. Tukiulizwa, "Mmeelewa?" sote tuitikie, "Ndiyo, mwalimu!" Tulirudia mpaka mabati yakavuma. Yeye aliridhika kabisa, kana kwamba tumeshafundishwa.

Siku yenyewe mkaguzi aliketi nyuma, kalamu mkononi. Nekesa aliandika nusu na robo ubaoni, chaki ikimvunjikia vidoleni. Mimi nilikwama: nne ni kubwa kuliko mbili, sasa robo inakuwaje ndogo kuliko nusu? "Mmeelewa?" Darasa likanguruma. Mdomo wangu ulikataa kufunguka, na Nekesa akaniona. Angeweza kupita tu. Badala yake aliningoja, nami nikimwomba Mungu mwalimu aache kuningoja.

"Achieng', sema tu."

"Mwalimu, mimi bado. Nne si inashinda mbili?"

Nyuma yangu kalamu ilianza kukwaruza karatasi. Nilijua nimemponza. Mwalimu Mkuu alinikodolea macho kutoka mlangoni. Nekesa akafuta ubao wote, akachukua muhogo wangu wa mchana uliofungwa kwenye jani la mgomba, akaukata katikati. "Huu ni wako na dada yako. Sasa wageni wawili wamefika, mko wanne. Utakula kipande kikubwa ama kidogo?"

"Kidogo!" nikapiga kelele, machozi yakinilengalenga kwa kuelewa.

Muhula uliofuata Nekesa hakurudi. Wengine walisema amepelekwa shule ya Mulanda kwa kuwa ni hodari, wengine wakasema amefukuzwa. Sikupata kujua, na nilipouliza nyumbani niliambiwa ninyamaze nile.

Siku hizi mimi ndiye mkaguzi, ninayeketi nyuma ya darasa. Sakafu ni za saruji, wasichana hawapigi magoti tena, lakini ile "ndiyo" haijabadilika hata kidogo. Juzi, katika shule ya Sikuda, mwalimu mmoja kijana aliwauliza wanafunzi kama wameelewa. Darasa likanguruma, msichana mmoja akabaki kimya. Mwalimu alimwona. Kisha akanitazama mimi, akaitazama kalamu yangu, na nikaijua hofu ile. Nikaitia kalamu mkobani, nikageukia dirisha kama mtu anayeangalia mvua. Nikamsikia mwalimu akifuta ubao wote.